Bendera ya Kanga

Picha iliingia kwenye grupu letu la waliosoma pamoja shule ya msingi wakati nimeinamia friza, mkono umezama hadi kiwikoni, natafuta barafu za ukwaju za wateja wawili waliokuwa wananisubiri barazani. Nikaifungua kwa kidole kilichokufa ganzi. Mwanamke amevaa koti jekundu lililomvimbisha, kofia imemshika masikio, miwani myeusi usoni, amesimama juu ya weupe usio na mwanzo wala mwisho. Nyuma yake kuna ndege ndogo ambayo badala ya magurudumu ina miguu mirefu bapa, kama ya ngalawa. Aliyeituma aliandika chini yake kwamba Neema wetu wa Makorora yuko Ncha ya Kusini, nesi wa msafara wa watafiti, na tumwombee.

Wenzangu wakamwaga pongezi. Mimi nilishusha kifuniko cha friza kwa kishindo mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimejibana. Sikujibana. Nilikuwa nimeshikwa na wivu, wivu mbichi kabisa, mimi mtu mzima mwenye wajukuu na friza mbili. Jioni ile Neema alinitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu, nje ya grupu. Nilikaa nao siku tatu bila kuufungua.

Lakini harufu ya friza haifungwi kama simu. Kila nikiinua kifuniko ilikuja ile harufu ya baridi iliyochanganyika na shombo ya changu wa jana, ikanirudisha kwenye nyumba hii hii, wakati ule nilipokuwa bi mkubwa.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa utani huo. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi naye humwita mke mwenza, akamfinya kidogo ili mambo yanoge. Nyumbani nilikuwa mjukuu wa kike pekee. Babu alisema Bibi ameshachoka, na cheo cha bi mkubwa amekihamishia kwangu. Nilikipokea cheo hicho kwa uzito wote wa miaka yangu saba. Mimi ndiye niliyempelekea kahawa baada ya sala ya alasiri, mimi niliyemtafutia miwani, na mimi peke yangu niliyeruhusiwa kumfunulia kurasa za kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa, jalada gumu la buluu limeliwa na mende kwenye pembe, na lugha yake hakuna mtu Makorora aliyeijua. Nahodha mmoja wa meli ya nchi za kaskazini alimpa Babu siku ya kuagana. Babu hakuweza kukisoma, kwa hiyo alikisimulia kwa kufuata picha na yale aliyokumbuka kuambiwa. Mlikuwa na watu watatu waliopanda puto kuelekea Ncha ya Kaskazini wakapotea, na mifupa yao ikaonekana dunia imeshawasahau, pamoja na kamera yao ikiwa bado na picha ndani. Mlikuwa na marubani wa mwanzo mwanzo, ndege zao mbao na kitambaa, waliokaa wazi kwenye upepo hadi masharubu yakaganda. Asubuhi iliwabidi waifunike injini kwa turubai na kuiwashia jiko chini yake, ndipo ikubali kunguruma. Na mlikuwa na mmoja aliyerudi akasema nimepita juu ya Ncha, wenzake wakamwambia hukufika, ulizunguka zunguka ukarudi. Huyo Babu alimpenda kuliko wote. Alisema watu wa namna hiyo hata Tanga wapo, wakifika Horohoro mpakani husema wametoka Mombasa.

Mimi niliposikia ncha nilijua ni ncha kweli, imechongoka kama ya sindano ya kushonea magunia, na niliwaogopea wale marubani wasije wakashuka vibaya ikawatoboa.

Sasa, mtaa mzima ulimwita Babu "Rubani". Mwambie mtoto kwamba babu yake ni rubani, kisha mwekee mapajani kitabu cha marubani, halafu mlaumu kwa atakachofikiri. Picha moja ilikuwa ya mtu aliyefunikwa uso mzima kwa miwani na manyoya, amesimama kando ya ndege yenye miguu bapa. Nilimuuliza Babu kama ndiye yeye. Alicheka, akasema wanadamu wakifunikwa nyuso wote ni mmoja. Hakukubali, lakini hakukataa, na mimi nilichukua kile ambacho hakukataa nikaenda kutamba nacho shuleni.

Kisha akaja Neema. Mama yake, nesi wa Kishambaa aliyehamishwa kutoka Lushoto, alipanga chumba chetu cha uani. Baba hakuwepo, na watu walikuwa na ustaarabu wa kutouliza. Walikuwa Walutheri, Jumapili wakitoka asubuhi nguo zimenyooshwa, na Neema, tuliyelingana naye umri, alikuwa na adabu ya kuudhi. Alimwamkia shikamoo hata aliyemzidi mwaka mmoja. Siku ya kwanza alipiga magoti mbele ya Babu. Babu akamtazama, akaitikia marahaba, kisha akanigeukia mimi.

"Bi mkubwa," akasema, "umeletewa bi mdogo."

Uani watu walicheka sana. Bibi akaniambia nami sasa nitajua alivyoumia yeye nilipozaliwa. Bibi alikuwa mtu wa mgeni njoo mwenyeji apone, na siku ile alipika wali wa nazi kwa ajili ya wapangaji wapya. Mwenyeji mimi sikupona chochote. Nilikula nikamtazama yule mtoto anavyosafisha sahani yake, nikamchukia mpaka kwenye vidole anavyolamba.

Kilichompandisha juu yangu ni baridi. Babu alimuuliza kama ni kweli kwao kuna baridi ya kuumiza, na Neema akaeleza, taratibu, bila kujisifu, kwamba iko miezi ambayo asubuhi majani ya bondeni huwa meupe, ukiyakanyaga yanalia, na vidole vinakataa kufunga vifungo vya shule. Babu alifunga kitabu kidole kikiwa katikati, akasikiliza. Sijawahi kumwona akimsikiliza mtoto namna ile. Mimi sikuwa na la kusema kuhusu baridi. Barafu niliyoijua ni ya ukwaju, kwenye kifuko, ukitoboa pembe kwa meno. Nikasema hata mimi kipupwe huwa natetemeka nikioga asubuhi. Babu akasema hiyo si baridi, huo ni uvivu wa kuoga. Tangu siku hiyo kurasa zilifunuliwa na Neema, na mimi nikabaki na kikombe.

Siku moja tunatoka shule nilikuwa nawasimulia wasichana jinsi Babu alivyorusha ndege juu ya barafu. Neema alinyamaza mpaka wenzetu walipokata kona zao. Hilo nalo liliniudhi, kwamba hakuniumbua mbele ya watu.

"Mwanahamisi," akaniambia, "Babu hakurusha ndege. Alikuwa rubani wa meli. Alikuwa anazifuata meli huko nje, anazipanda, anaziingiza bandarini. Ndege hajapanda hata siku moja. Kaniambia mwenyewe."

Nilimwambia ni mwongo mkubwa. Nyumbani nilimuuliza Bibi, akashangaa nimewezaje kutojua, akasema neno hilo la rubani lilikuwa la baharini kabla ndege haijazaliwa. Lakini kuanguka kwa ndege ya Babu hakukuniuma nusu ya lile "kaniambia mwenyewe". Mimi niliyempelekea kahawa miaka miwili sikuambiwa. Mtoto wa mpangaji ameambiwa.

Hapo ndipo zilipofika kurasa za mwisho za kitabu, za Ncha ya Kusini. Makundi mawili yalishindana kufika. La pili liliburura mizigo miezi na miezi, na lilipofika likakuta bendera ya la kwanza imesimama pale, na barua. Kulikuwa na picha yao, nyuso zimeanguka. Babu aliitazama, akasema kwa ile sauti yake ya mafumbo, "Waliotangulia walirudi. Waliofuata ndio waliotangulia."

Neema alicheka, akatikisa kichwa. Nami nikacheka nyuma yake, sikuelewa kitu. Jioni nilimfuata Bibi, anapepeta mchele, nikamuuliza maana yake.

"Hao waliofuata walikufa njiani wakirudi," akasema bila kuinua macho. "Kutangulia ni kufa. Husikii kwenye misiba wanavyosema marehemu katutangulia?"

Nikamuuliza walikufa kwa nini. Bibi alikuwa na kazi yake mkononi. Akasema walikuta wenzao wameshafika, moyo ukawavunjika. Basi. Nililala na jambo hilo, na lilikuwa wazi kama hesabu ya mbili na mbili: ukifika ukakuta bendera ya mwenzio, hurudi mzima.

Wiki ile ile Babu alitutangazia safari. Karibu na soko la samaki kulikuwa na chumba cha barafu, zile barafu kubwa za mraba za wavuvi, na msimamizi wake, Bi Tatu, alikuwa mtu wake wa siku nyingi. Anayetaka kuijua Ncha, akasema, aingie mle ashike ukuta. Ila Bi Tatu ana koti moja na hataki watoto wawili wakamchezee mle ndani, kwa hiyo tutakwenda mmoja mmoja, Jumamosi hii na Jumamosi ijayo.

"Ataanza bi mdogo," akasema. "Yeye baridi anaijua, hataogopa."

Nilisema sawa, Babu. Nilisema kwa adabu, kama Neema.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, nilichukua kanga kuukuu ya Bibi iliyokuwa kambani. Jina lake lilikuwa NIMEFIKA KWANGU MWENYE CHOYO APITE. Nilichana kipande chenye neno la kwanza, nikakifunga kwenye kijiti cha fagio la chelewa, nikakificha ndani ya gauni, nikaenda kwa miguu hadi soko la samaki. Bi Tatu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kugombeza hata akikubariki. Nilimwamkia, nikamwambia nimetumwa na Babu nitazame kama chumba kiko sawa kwa kesho. Alisema huyo Rubani naye uzee unamchezea. Akanivika koti lililonifika vifundoni, linanuka samaki, akaniambia niingie nitoke, na nisithubutu kugusa chuma kwa ulimi.

Mlango ulikuwa mnene. Ulipojifunga nyuma yangu nilitoa pumzi, nikaiona ikitoka mdomoni, nyeupe, na nikajua roho yangu ndiyo hiyo inaondoka. Niliufunga mdomo kwa mikono miwili nisiimalize. Barafu zilikuwa zimepangwa kunizidi kimo. Kulikuwa na taa moja na mngurumo wa mashine, na kimya kingine chini ya mngurumo huo. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimekuja kwa kazi. Nyuma kabisa kulikuwa na mabomba yaliyoota manyoya meupe, na kati ya mabomba mawili nikachomeka bendera yangu. Nikasema "nimefika" kwa sauti, ili iwe halali. Kisha nikagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Jumamosi nilikaa barazani tangu asubuhi kuwangoja. Walirudi kabla ya adhuhuri, Babu amemshika Neema mkono, anacheka peke yake. Alituambia kwamba mtoto yule kasema ni baridi ya kwao, ila haina miti. Neema hakuwa anacheka. Alinitazama mara moja, akapita moja kwa moja uani, ameikunja ngumi ya mkono wa kushoto. Nilijua kilichokuwa ndani ya ngumi ile, na nilijua kwamba hajamwambia Babu, na nilingoja aanze kulia ili nifurahi vizuri.

Jioni mama yake akasema mtoto ana joto. Jumapili hawakwenda kanisani. Jumatatu alibebwa kupelekwa hospitali, kichwa kinamwanguka begani kwa mama yake, anaongea Kishambaa na watu wasiokuwepo. Uani wanawake walisimama mikono vifuani.

"Mungu amnusuru," Bibi akasema, "mtoto asimtangulie mama yake."

Neno lile nilikuwa nimeshafundishwa maana yake. Sikula mchana ule wala usiku. Siku ya pili baada ya alasiri nilimpelekea Babu kahawa, nikasimama mbele yake nikaeleza yote, kanga, uongo kwa Bi Tatu, bendera, na kwamba Neema anakufa kwa sababu yangu kwa kuwa amefika wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata mimi safari hii alinisikiliza.

"Ulitaka afe?" akauliza.

"Nilitaka arudi kwao."

Hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Alikunywa kahawa yake polepole mpaka kwenye machicha, akanirudishia kikombe. "Kuanzia kesho," akasema, "kahawa yangu ataileta Bibi yako."

Ilikuwa malaria. Mama Neema alitueleza kwamba ilikuwa imeshamwingia mtoto kabla hata ya Jumamosi, na kwamba mbu hajui nani wa kwanza nani wa pili. Maana Babu alikuwa amemweleza habari ya bendera. Sikumwamini. Neema aliporudi, mashavu yamebonyea, nilipelekwa kumpa pole. Nilisema pole. Yeye akasema, kwa sauti ndogo, "Bendera yako ninayo." Hakuirudisha, na mimi sikuthubutu kuidai. Kanga iliyochanwa niliilipia kwa viboko vya chelewa vya fagio lile lile.

Kahawa nilirudishiwa baada ya mwezi, lakini cheo sikukisikia tena. Mwaka uliofuata mama yake Neema alihamishwa, na siku ya kuondoka Babu alitoka chumbani na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa, akampa Neema mbele yetu sote. Nilimbebea ndoo yake ya vyombo hadi barabarani, watu wakanisifu kwa moyo wangu mzuri. Nilikuwa naomba kitabu kidondoke kwenye tope.

Babu alitangulia miaka michache baadaye. Neema niliendelea kumsikia kwa midomo ya watu. Amemaliza shule. Amekuwa nesi. Amekwenda nje. Kila habari ilikuwa njema na kila moja nilisema alhamdulillahi nikiwa nimebana meno. Mimi nilibaki na nyumba, na mume mwema, na watoto, na friza, na vyote ni vyangu na ninavipenda. Lakini wivu hauulizi una nini. Unauliza mwenzio ana nini.

Siku ya tatu niliufungua ujumbe wake. Kwanza upepo tu, mwingi, kama mtu anachana nguo. Kisha sauti yake, ile ile ya taratibu.

"Mwanahamisi. Shikamoo, bi mkubwa. Nimekuja na bendera yako, nimeichomeka hapa nikaipiga picha, kisha nimeing'oa maana haturuhusiwi kuacha kitu. Siku ile sikulia kwa kukuta umefika. Nilikuonea wivu, na nimekuonea wivu miaka yote. Mimi nilishikwa mkono, wewe ulikwenda peke yako. Na Babu alikuwa wako, mimi niliazimwa tu. Basi nilitaka nikwambie kutoka hapa hapa, wewe ndiye uliyetangulia, mimi nimekufuata. Kesho asubuhi tunaanza safari ya kurudi."

Chini yake ilikuwepo picha. Kitambaa kidogo kilichopauka, kimefungwa kwenye kijiti, na herufi bado zinasomeka, NIMEFIKA.

Nilifurahi, sitaficha. Niliusikiliza mara mbili pale kwenye "nilikuonea wivu", nimekaa juu ya friza kama malkia. Mara ya tatu niliusikiliza mpaka mwisho, nikaikumbuka ile kauli ya Babu kuhusu waliofuata. Mimi nimekufuata. Kesho tunaanza kurudi. Ujumbe ulikuwa wa siku tatu. Naijua malaria, nimeshauguza watoto wanne. Najua mtu hafi kwa kufika wa pili. Lakini niliandika kwa haraka mpaka nikakosea herufi, kwa sababu kitu nilichokitaka tangu nina miaka tisa nilikuwa nimepewa, na sikuweza kukishika hata dakika moja zaidi.

Nikamwandikia, "Marahaba, bi mdogo. Mimi niliingia chumba cha samaki tu. Wa kwanza ni wewe. Rudi."